Hela ya rejistri inaenda wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali huwa yanarudi kila ada za rejistri, hawa wanaotunza madaftari ya majina na namba za intaneti, zikipanda au ripoti ya mwaka ikitoka. Nimeyajibu kwa jinsi ninavyoelewa mimi, mtu niliyekaa miaka nasoma hesabu za hawa jamaa bila kulipwa na mtu yeyote, ugonjwa gani huo sijui. Uhasibu kidogo utakutana nao humu ndani, vumilia tu.

Hivi rejistri ni nani hasa? Si ndo yule niliyemlipa nikapata domeni, yaani jina la tovuti yangu?

Hapana, yule ni msajili, yaani muuzaji wa rejareja. Rejistri iko nyuma yake, ndo inashika daftari lenyewe la majina yote yanayoishia na herufi fulani. Wasajili wapo mamia, ila kila mwisho wa jina una rejistri moja tu: .com iko kwa Verisign, .org kwa PIR, .fr kwa Afnic, .br kwa NIC.br. Ukigombana na msajili unahama unaenda kwa mwingine, ukigombana na rejistri huna pa kuhamia labda ubadilishe jina lako lote, na hapo ndo sababu hesabu zake zinatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kuwasiliana nayo.

Halafu kuna rejistri za namba, zile zinazogawa anwani za IP, yaani namba ambazo vifaa hutambulika nazo mtandaoni, kwa watoa huduma wa intaneti. Ziko tano dunia nzima, ARIN, RIPE NCC, APNIC, LACNIC na AFRINIC, na zote tano hazitafuti faida. Za majina ni mchanganyiko, kuna kampuni zenye hisa sokoni, kuna za serikali, kuna vyama na mifuko ya hisani. DENIC wanaoshika .de wao ni ushirika kabisa.

Kama haitafuti faida, mbona mwisho wa mwaka imebaki na mamilioni?

Hili ndo swali la kwanza la kila mtu na mara nyingi linaulizwa kwa hasira. Kutotafuta faida sio kutobakiza. Maana yake ni kwamba kinachobaki hakina mwenyewe wa kukitia mfukoni, hakuna mwenye hisa anayekaa akisubiri gawio, basi. Kilichobaki kinaitwa ziada, na ziada ina njia zake chache, iingie kwenye akiba, ishushe ada za mwakani, irudishwe kwa wanachama, au iende kwenye misaada na miradi. RIPE NCC wao wana kawaida ya kuwapigisha wanachama kura kwenye mkutano mkuu, ziada irudi kwenu au iende akiba, na ishawahi kurudi.

Mi binafsi shirika linalofunga mwaka kwenye sifuri kamili kila mwaka ndo lingenitia wasiwasi. Hakuna bajeti inayolenga hivyo. Ukiona hivyo ujue kuna mtu mwezi wa mwisho anakimbizana kununua laptop na kufanya semina ili hela isionekane.

Ukitaka kuona tofauti weka pembeni yake rejistri ya biashara. Verisign mwaka 2023 waliingiza mapato ya kama dola bilioni 1.49 na faida ya uendeshaji ikawa kama bilioni 1, yaani kila dola ikiingia senti 67 hivi zinabaki baada ya kulipa gharama za kuendesha. Ni halali kabisa, ni kampuni, wana hisa sokoni, na mwenye hisa ndo mwenye ile hela. Kwa rejistri isiyo ya faida hiyo sehemu ya "mwenye hela" iko wazi, haina jina, kwahiyo swali la maana ni nani anaamua iende wapi, na mlipaji anaweza kusema hapana au anasoma tu matangazo.

Kwani zamani si ilikuwa bure?

Ilikuwa bure kwako. Aliyekuwa analipa ni serikali ya Marekani kupitia shirika lake la sayansi, NSF. Septemba 1995 ndo Network Solutions, kampuni iliyokuwa inasajili majina, wakaruhusiwa kutoza dola 100 kwa miaka miwili ya mwanzo, baada ya hapo 50 kwa mwaka, na watu wakapiga kelele sana. Ila angalia kelele zilikuwa za nini. Asilimia 30 ya ile hela ilikuwa inatengwa kwenye mfuko wa kuendeleza intaneti, na watu wakaenda mahakamani kusema hii ni kodi na Bunge halijaipitisha. Mwaka 1998 yale makato yakafutwa na bei ikashuka hadi dola 70 kwa miaka miwili. Kwahiyo mzozo mkubwa wa kwanza wa hela za majina haukuwa wa bei peke yake, ulikuwa pia wa zile 30, zinaenda wapi na nani kawaruhusu. Mpaka leo tuko palepale.

Jina moja ni mstari mmoja tu kwenye database. Hela zote hizo za nini?

Ni kweli ni mstari mmoja, na kuuongeza hakugharimu chochote cha maana. Gharama iko kwenye kuhakikisha ule mstari unajibu saa yoyote, kutoka kona yoyote ya dunia, na haujachezewa na mtu. Hiyo gharama ipo hata kama daftari lina majina kumi.

Tufanye hesabu ya kubuni. Rejistri ndogo ina majina 30,000 na kuendesha kila kitu ni dola 600,000 kwa mwaka, hapo kila jina linabeba dola 20. Ikikua hadi majina 300,000 gharama haziendi mara kumi, tuseme zimefika 900,000, kila jina sasa ni dola 3. Ndo maana kulinganisha bei ya rejistri ndogo na bei ya kubwa halafu ukasema ndogo ni wezi, sio haki, ila pia kubwa isijifiche nyuma ya hesabu za ndogo, ikishakua mara kumi na bei iko vilevile mtu ana haki ya kuuliza ile tofauti imelala wapi.

Sasa vitu vyenyewe. Kuna seva za majina, kompyuta zinazojibu jina fulani liko wapi, zilizotapakaa miji mingi zikitumia anwani moja, anayeuliza anajibiwa na ile iliyo karibu naye, na mashambulizi yakija mzigo unagawanyika. Hapo unalipia uwezo mkubwa mara nyingi kuliko unaouhitaji siku ya kawaida, na siku ya kawaida huo uwezo umekaa tu, mtu asiyejua anaona ni ubadhirifu. Kuna DNSSEC, zile sahihi zinazothibitisha jibu halijabadilishwa njiani, inataka vifaa maalum vya kutunza funguo na utaratibu wa watu zaidi ya mmoja kuwepo kila funguo zinapoguswa. Kuna kituo cha pili cha data mbali na cha kwanza. Kuna nakala ya daftari inayopelekwa kwa mtu wa tatu aitunze rejistri ikifa. Kuna bima, mawakili, mkaguzi, mfumo ambao wasajili wanauingilia kusajili majina, watu wa kupokea malalamiko ya utapeli, na michango kwenda juu, mfano ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya intaneti duniani, hutoza kwa kila jina la aina ya .com na .org, upande wa msajili ilikuwa senti 18 kwa mwaka miaka na miaka mpaka katikati ya 2025 ikawa senti 20.

Na kuna kitu ambacho hakionekani kwenye ripoti yoyote, kupima kabla ya kuachia. Oktoba 2009 wa Sweden, .se, taasisi isiyo ya faida na yenye sifa nzuri kabisa, walifanya matengenezo ya kawaida, script, yaani kiprogramu kidogo, ikatoa faili la majina likiwa limekosa nukta mwishoni mwa majina. Nukta! Majina yote ya .se yakaacha kupatikana. Walirekebisha haraka lakini majibu mabovu yalikuwa yameshahifadhiwa kwenye seva za watoa huduma huko nje, kwahiyo kuna watu waliendelea kukosa hata baada ya faili zuri kutoka. Mei mwaka uliofuata .de nao wakatoa faili lililokatika na mamilioni ya majina yakapotea kwa saa kadhaa. Ukiona kwenye bajeti kuna mfumo wa majaribio unaofanana na ule halisi kwa kila kitu na unauliza mbona wanalipia viwili, jibu ni ile nukta.

Mbona mishahara ndo inakula sehemu kubwa?

Kwa sababu kazi yenyewe ni ya watu. Wiki ina saa 168, mtu mmoja anafanya kazi saa 40, kwahiyo kiti kimoja tu cha zamu kisichokaa wazi kinataka watu wanne na kidogo, weka likizo na kuumwa unafika watano. Hapo hujaajiri mhasibu. Usishtuke kuona mishahara ni nusu ya matumizi au zaidi. Shtuka ukiona mishahara inapanda kila mwaka wakati idadi ya wafanyakazi na idadi ya majina ziko palepale na ripoti haisemi neno.

Bosi analipwa ngapi, au ni siri?

Inategemea nchi. Marekani mashirika yasiyolipa kodi yanajaza fomu inaitwa 990 kila mwaka na iko wazi kwa umma, humo mishahara ya wakubwa imeandikwa mmoja mmoja, kwahiyo ICANN, ARIN na PIR ukitaka unaangalia mwenyewe leo hii. Sehemu nyingine utapewa jumla ya uongozi mzima kwa mpigo, "menejimenti: kiasi fulani", halafu ugawanye mwenyewe kichwani.

Ugomvi unaanzia kwenye ulinganisho. Bodi inaajiri washauri, washauri wanachukua mishahara ya makampuni ya teknolojia na kusema bosi wetu yuko katikati ya soko. Soko lipi? Mtu anaeshika daftari ambalo halina mshindani hafanyi kazi ya mtu ambaye bidhaa yake inaweza kufa kesho asubuhi. Mi siombi alipwe kidogo, kazi ni ngumu, naomba waandike wamemlinganisha na nani. Kikundi cha ulinganisho kikitajwa utaona mambo mengi yanajieleza yenyewe.

Ada imepanda tena. Ni kweli gharama zimepanda?

Wakati mwingine ndio, wakati mwingine walipaji ndo wamepungua, na wakati mwingine ni kwa sababu tu mkataba unaruhusu.

La mkataba ni rahisi kuliona kwa .com. Bei ya jumla, ile msajili anayowalipa Verisign kwa jina kwa mwaka, ilikaa dola 7.85 miaka kadhaa, halafu kuanzia Septemba 2021 ikapanda mara nne, 8.39, 8.97, 9.59, na Septemba 2024 ikafika 10.26, kila mara karibu asilimia 7 kwa sababu 7 ndo kikomo cha mkataba. Sio lazima seva ziwe zimepanda asilimia 7.

La walipaji kupungua liko RIPE NCC na ndo linanivutia zaidi. Ada yao kwa kila akaunti ya mwanachama ilikuwa euro 1,400, mwaka 2023 ikawa 1,550, mwaka 2025 ikawa 1,800. Mtu anaona hapo tamaa. Ila nyuma yake kuna historia, anwani za IPv4, zile za IP za mtindo wa zamani ambazo idadi yake ina kikomo, zilipokuwa zinaisha kila akaunti mpya ilikuwa inapewa fungu dogo la mwisho, basi watu wakafungua akaunti nyingi nyingi ili wapate mafungu mengi, kampuni moja akaunti hata kumi. Mapato yakapaa. Novemba 2019 anwani zikaisha kabisa, zile akaunti za ziada hazikuwa na kazi tena, watu wakaanza kuziunganisha na kuzifunga. Gharama za kuendesha hazikupungua kwa sababu fulani kafunga akaunti yake ya saba. Kwahiyo mzigo uleule ukabebwa na mabega machache. Unaweza kulaumu kwamba walipaswa kuona hilo mapema na kubana matumizi wakati hela ni nyingi, na mi nalaumu kidogo, ila huo sio wizi.

Kuna na ugomvi wa mtindo wa kutoza. RIPE NCC akaunti ni akaunti, kampuni ndogo ya watu watatu inalipa sawa na jitu la simu lenye mamilioni ya anwani, wakati ARIN wanatoza kwa madaraja, mwenye anwani nyingi analipa zaidi. Kila upande una hoja, wakubwa wanasema kazi ya kuandika kwenye daftari ni ileile, wadogo wanasema mfaidikaji sio yuleyule. Mi niko na wadogo.

Anwani za IPv4 zinauzwa bei mbaya siku hizi. Hiyo hela wanachukua wao?

Hapana. Ghala kuu la IANA, wale wanaozigawia rejistri za namba, liliisha Februari 2011, tangu hapo taratibu likazaliwa soko, aliyenazo anamuuzia asiyenazo. Hela inakwenda kwa muuzaji na dalali. Rejistri inabadilisha jina kwenye daftari na kuchukua ada ya kushughulikia, na kwingine hata hiyo haipo.

Akiba kubwa hivyo ya nini? Si washushe bei?

Akiba inapimwa kwa miezi, yaani mapato yakikatika leo unaweza kuendesha mpaka lini. ICANN wamejiwekea lengo la angalau miezi 12. Waliwahi kushuka chini yake, na mwaka 2018 bodi ikachukua dola milioni 36 kutoka kwenye hela za mnada wa miisho mipya ya majina ikajaza pengo. Hela za mnada wengi walidhani zimetengwa kwa ajili ya miradi ya jamii, kwahiyo walinuna, na mi naona walikuwa na haki ya kununa hata kama kujaza akiba lilikuwa jambo la lazima.

Kwa nini lazima? AFRINIC, rejistri ya namba ya Afrika, ofisi zake Mauritius, mwaka 2021 ikiwa kwenye kesi na mwanachama wake mmoja mkubwa akaunti zake za benki ziliwekewa zuio na mahakama. Shirika lina hela na haliwezi kuzigusa! Ikaja kubaki haina bodi iliyotimia wala bosi, 2023 mahakama ikaweka msimamizi, uchaguzi wa Juni 2025 ukafutwa na bodi mpya ikapatikana Septemba mwaka huo. Muda wote huo daftari liliendelea kujibu. Hapo unajifunza akiba iliyokaa yote nchi moja chini ya mahakama moja ni nusu ya akiba, na kwenye ripoti sio kiasi tu cha kuangalia, angalia pia imewekwa wapi na kwa namna gani, dhamana za serikali, amana, au hisa zinazopanda na kushuka.

Upande wa hiyo miisho mipya ya majina ICANN walilitatua kwa kulazimisha, mwenye rejistri aweke dhamana ya kutosha kuendesha kazi tano za msingi kwa miaka mitatu akianguka: seva za majina, DNSSEC, mfumo wa usajili, taarifa za nani mwenye jina lipi, na nakala ya daftari kwa mtu wa tatu. Desemba 2017 ikatumika kweli, .wed ilishindwa na mwendeshaji wa dharura akaichukua. Hiyo orodha ya vitano mi naitumia sana kusomea bajeti. Kila kifungu najiuliza hiki kinalisha kipi kati ya vile vitano, kama hakilishi chochote sio lazima kiwe kibaya, ila hicho ndo cha kuulizia.

Nikifungua ripoti ya mwaka nianzie wapi? Ina kurasa 90 na nusu ni picha.

Ruka picha na barua ya mwenyekiti, nenda nyuma kwenye hesabu zilizokaguliwa.

Anza na maoni ya mkaguzi. Unataka hati safi. Ikiwa hati yenye mashaka soma ile aya ya sababu neno kwa neno, huwa imeandikwa kwa upole mno lakini ndani kuna moto. Angalia na tarehe, hesabu za mwaka fulani zilizosainiwa miezi kumi na minane baadaye ni jibu tayari hata kabla hujasoma namba.

Halafu kuna mtego unaowanasa watu wengi mno, hela zilizolipwa mapema. Mtu anaweza kulipia jina mpaka miaka kumi kwa mpigo. Hela yote inaingia benki leo lakini kihasibu sio mapato ya leo, ni deni, rejistri inadaiwa miaka kumi ya huduma, na kila mwaka inahamisha sehemu moja kwenda kwenye mapato. Sasa mtu anaona benki kuna milioni 6 na matumizi ya mwaka ni milioni 2.4, yaani 200,000 kwa mwezi, anapiga hesabu akiba ya miezi 30, wezi hao! Anashuka mistari miwili anakuta zilizolipwa mapema ni milioni 3.5. Zilizo huru ni milioni 2.5, miezi 12 na nusu. Namba nimezibuni ila kisa chenyewe nimekiona mara nyingi. Na kinageuka pia upande wa pili, rejistri inayotangaza ofa ya "lipia miaka mitano" karibu na mwisho wa mwaka inaweza kuwa inatafuta hela ya kulipa mishahara ya sasa kwa kukopa kwa wateja wake wa kesho. Mstari wa zilizolipwa mapema ukipaa na hela benki ikashuka, hapo kuna jambo.

Cha tatu, maelezo ya miamala na watu wenye uhusiano na shirika. Mara nyingi ni aya fupi imefichwa karibu na mwisho. Mjumbe wa bodi ambae kampuni yake ndo inakodisha seva, msajili mkubwa aliyeko kwenye bodi na wakati huohuo anapewa punguzo. Sio kosa moja kwa moja, dunia ya majina ni ndogo na wajuzi ni walewale, ila lazima iandikwe. Ikiwa hiyo aya haipo kabisa, au imeandikwa "hakuna" miaka kumi mfululizo na bodi imejaa wasajili, mi huwa natabasamu.

Mwisho angalia kifungu cha "huduma za kitaalamu" na "mengineyo". Safari za mikutano watu ndo wanapenda kuzirukia kwa sababu zinauma macho, hoteli na ndege, lakini mara nyingi ni ndogo ukilinganisha na washauri na mawakili ambao hakuna anaewapiga picha.

Ni sawa rejistri kutumia hela zetu kwenye misaada na miradi mingine?

Hapa sina jibu moja. NIC.br wanatumia hela za .br kuendesha vituo vya kubadilishana trafiki ya intaneti na timu ya kushughulikia matukio ya usalama, na Brazil nzima inafaidika hata asiye na domeni. Afnic wanapeleka asilimia 90 ya faida ya .fr kwenye mfuko wao wa kusaidia walioachwa nyuma kidijitali, kiwango kinajulikana, hakuna kubahatisha. CZ.NIC wa Czech wanaandika programu huria kama BIRD na Knot, zinatumika na watoa huduma duniani kote. Hapo mi sina neno.

Shida inakuja misaada ikipungua huku bei inapanda, mishahara ya juu inapanda, na hela inaingia kwenye biashara za pembeni ambazo hakuna aliyeziomba. Ndo malalamiko yaliyowapata Nominet wa .uk. Wanachama wakajikusanya, wakaitisha mkutano wa dharura, ukafanyika tarehe 22 Machi 2021, na kura kidogo zaidi ya asilimia 52 zikamuondoa mwenyekiti na wakurugenzi wengine, mtendaji mkuu alikuwa ameshaachia ngazi siku moja kabla. Ripoti zao zilikuwa zinatoka kila mwaka miaka yote ile, nzuri tu, zimekaguliwa. Kilichobadilisha mambo ni kwamba mwanachama alikuwa na kura na safari ile akaitumia.

Shirika lisilo la faida linaweza kuuzwa?

Karibu liuzwe moja mbele ya macho yetu. .org ilikuwa kwa Verisign hadi 2003 ikapewa PIR, ambayo iko chini ya Internet Society, shirika la kimataifa la intaneti lisilo la faida, na ziada yake, makumi ya mamilioni ya dola kwa mwaka, ndo inaendesha shughuli za Internet Society. Katikati ya 2019 kikomo cha kupandisha bei ya .org kikaondolewa kwenye mkataba. Novemba mwaka huohuo ikatangazwa PIR inauzwa kwa kampuni ya uwekezaji, Ethos Capital, dola bilioni 1.135. Ukiyapanga hayo mawili kwa tarehe huhitaji mtu akuelezee kwa nini mashirika ya hisani yalipagawa. Sehemu ya bei ingetokana na mkopo wa dola milioni 360 ambao ungelipwa na PIR yenyewe, yaani kwa ada za majina ya .org. Mwanasheria mkuu wa California akaandika barua ya kupinga, na tarehe 30 Aprili 2020 ICANN wakakataa.

Kilichonisumbua mi ni kwamba wenye domeni za .org, mamilioni, hawakuwa na kura hata moja popote kwenye ule mchakato. Walikuwa na kelele tu. Safari ile kelele zilitosha.

Mimi sio mwanachama, nina domeni mbili tu. Nina nafasi gani?

Ndogo, ila ipo. ICANN huweka rasimu ya bajeti hadharani ipokee maoni ya yeyote kabla ya mwaka wao wa fedha kuanza Julai, na wanalazimika kuyajibu. Rejistri nyingi za nchi mikutano yao mikuu inarushwa mtandaoni, na nyingine uanachama uko wazi kwa mwenye domeni yeyote, watu hawajui tu. Ukiandika barua usiulize "hela zinaenda wapi", utajibiwa kwa kurasa mbili za maneno matamu. Uliza kitu chenye namba: akiba ni miezi mingapi ukitoa zilizolipwa mapema, kikundi cha kulinganishia mshahara wa mtendaji kina nani, na kati ya kila ada moja kiasi gani kinakwenda kwenye zile kazi tano.

Ripoti wameweka PDF iliyoskaniwa, siwezi hata kutafuta neno. Nifanyeje?

Waandikie uwaombe namba kwenye jedwali la kawaida, hilo sio ombi kubwa, mhasibu wao analo. Kuna rejistri moja siitaji niliwaandikia hivyo, ripoti yao ilikuwa imeskaniwa ikiwa imelala ubavu. Baada ya wiki saba wakanijibu kwa heshima zote na kuniambatanishia PDF ileile, safari hii imesimama wima. Basi nikakaa jioni mbili nikaingiza namba zote kwa mkono, na ukurasa wa 31 jumla haikujumlika, inapishana kidogo tu, labda ni mtu kakosea kuandika. Nimewaandikia tena kuuliza, bado nasubiri.